Tusimsingizie Kimbangu

Wiki tatu zilizopita, katika kipindi hiki hiki, nilipiga kipande cha muziki wa Beethoven kilichochezwa na okestra ya mjini Kinshasa iitwayo Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1994 na Bwana Armand Diangienda, na wanamuziki wake wa mwanzo walikuwa na vyombo vichache mno, hata ikawabidi watu kadhaa kupokezana fidla moja: mmoja akimaliza zamu yake anampa mwenzake. Nikagusia tu kwamba Bwana Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, kisha nikaendelea na mengine.

Simu zilizoingia baada ya kipindi hazikuuliza habari za fidla. Msikilizaji wa kwanza alisema kwa ukali, "Huyo si yule aliyejiita Mungu? Mnamtangazia nini?" Wa pili, mzee kwa sauti yake, alinieleza kwamba Kimbangu alikuwa mganga wa kienyeji aliyejifunika Biblia. Wa tatu alimtetea, lakini utetezi wake ulinitia mashaka kuliko zile shutuma. Kwa maoni yake Kimbangu alikuwa mpigania uhuru, na habari za dini zilikuwa geresha tu ya kuwapumbaza Wabelgiji.

Niseme mapema kwamba mimi si muumini wa kanisa la Kimbangu wala sina ndugu ndani yake. Ila nimekula mkate wa kazi hii ya habari kwa zaidi ya miaka 20, na liko jambo moja ambalo halijaacha kuniudhi: mtu kutiwa maneno kinywani, hasa mtu ambaye hawezi tena kuinuka kujibu. Kwa hiyo leo naomba nafasi yote hii niitumie kwa ajili ya marehemu.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, tulikuwa na mwalimu aliyependa kuturudishia kazi zetu akiwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, swali moja: "Nani alikuwepo?" Unaweza kuwa umeandika kurasa kumi za kupendeza, yeye haoni kitu mpaka umwoneshe aliyeona kwa macho na kusikia kwa masikio. Swali hilo ndilo ninalotaka tuliulize juu ya Kimbangu, maana wengi wanaomlaani na wengi wanaomtukuza hawakuwepo, na waliowasimulia hawakuwepo pia.

Simon Kimbangu alizaliwa katika kijiji cha Nkamba, katika nchi ya Wabakongo, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka wa kuzaliwa unaotajwa sana ni 1887. Tarehe 4 Julai 1915 yeye na mkewe, Marie Mwilu, walibatizwa katika misioni ya Wabaptisti wa Kiingereza iliyokuwa Ngombe Lutete, akawa mwinjilisti wa kijijini, mtu wa kusoma Biblia na kufundisha nyimbo. Biblia yenyewe ilikuwapo kwa lugha yao. Agano Jipya la Kikongo lilikwisha kuchapishwa tangu mwaka 1893, na Biblia nzima ilitoka mwaka 1905. Msomaji ashike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia: huyu alikuwa mtu aliyesoma Maandiko kwa lugha ya mama yake, mbele ya watu walioweza kufungua kitabu hicho hicho wakamfuatilia.

Mwaka 1918 ile homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilifika Kongo na kufyeka watu. Kwa masimulizi ya wafuasi wake, ndipo Kimbangu aliposikia sauti ikimwita kuwachunga kondoo wa Kristo. Alikataa. Alitoa udhuru kwamba hana elimu, sauti ikazidi, naye akaikimbia mpaka Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kutafuta kibarua. Mambo ya mjini hayakumwendea vizuri, akarudi Nkamba kulima. Tarehe 6 Aprili 1921 aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa aitwaye Nkiantondo, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, akamwekea mikono kwa jina la Yesu, na inasemwa mwanamke yule akapona.

Habari ya kupona au kutopona siiingilii. Mwenye imani ana jibu lake na mwenye shaka ana lake. Linalojulikana bila ubishi ni lililofuata. Katika wiki chache njia zote za kwenda Nkamba zilijaa watu. Treni za reli ya Matadi hadi Leopoldville zikafurika abiria kupita kiasi. Wagonjwa wakaondoka hospitalini, vibarua wakaacha mashamba, na watumishi wa majumbani wakaacha sufuria jikoni. Maduka ya misioni za Kiprotestanti yakauza Biblia na vitabu vya nyimbo kwa kasi ambayo wenyewe hawakuwa wamewahi kuiona. Mabwana wa mashamba na wa reli hawakuhitaji kujua mafundisho ya Nkamba yalikuwa nini. Kwao ilitosha kwamba watu hawakuja kazini.

Basi, alifundisha nini? Tunao mashahidi wa pande mbili. Upande mmoja ni Léon Morel, mtawala wa Kibelgiji wa wilaya, aliyekwenda Nkamba mwenyewe tarehe 11 Mei 1921 na kuandika taarifa. Upande wa pili ni wafuasi wawili wa Kimbangu, Nfinangani na Nzungu, waliosimulia mambo hayo kwa Kikongo mwaka huo huo wa 1921. Maandishi yao yalitolewa kwa Kifaransa na Paul Raymaekers mwaka 1971. Adui mmoja na marafiki wawili, wote walikuwepo. Pale wanapopatana, mimi naona tunaweza kuwaamini bila wasiwasi.

Wanapatana kwamba watu waliimba nyimbo za Kiprotestanti, kwamba Biblia ilisomwa hadharani, na kwamba Kimbangu aliwawekea wagonjwa mikono huku akitetemeka mwili mzima. Tunajua pia, na wamisionari wa wakati ule walilikiri jambo hili, kwamba katika vijiji vingi watu walizitoa nje hirizi na sanamu za uganga, zile ambazo Wabakongo huziita minkisi, wakazichoma moto au kuzitupa njiani. Wenye wake wengi waliambiwa wabaki na mmoja. Ngoma za kuchezwa usiku zilipigwa marufuku, na nyingine zikapasuliwa. Hayo ndiyo mafundisho: tubuni, mwaminini Yesu, tupeni minkisi, mke mmoja, acheni ngoma.

Sasa nimrudie yule mzee aliyeniambia kwamba Kimbangu alikuwa mganga. Mzee wangu, shikamoo, lakini fikiria kidogo. Wamisionari walikuwa wamehubiri dhidi ya minkisi katika nchi ile kwa zaidi ya miaka 40. Watu waliitikia "ndiyo, Bwana", wakarudi nyumbani, na hirizi ikabaki imening'inia juu ya mlango. Akatokea mtu mmoja mweusi, mkulima, akalifanya katika miezi michache lile lililowashinda wazungu kwa miaka 40, halafu yeye ndiye anaitwa mganga! Waganga wa nchi ile walijua vizuri nani alikuwa amewamwagia unga wao.

Hata hivyo neno hilo mzee hakulitunga mwenyewe. Lina baba yake, na baba yake ni Morel. Katika taarifa yake aliandika kwamba Kimbangu anataka kuanzisha dini inayolingana na akili za wenyeji, yenye sura ya Kiprotestanti iliyochanganywa na mambo ya uganga. Alihofu kwamba siku moja watu weusi watasema wamempata Mungu wao wenyewe, na kwamba mwisho wa mwendo huo ni umoja wa Waafrika dhidi ya wazungu. Miaka ile wakubwa wa koloni walikuwa wakisikia kila siku habari za Marcus Garvey wa Marekani, na hofu hiyo waliibeba mfukoni hata porini. Morel aliona mtu anatetemeka, akaandika "uganga". Laiti angesoma habari za Waquaker wa kwao Ulaya, ambao jina lao kwa Kiingereza lina maana ya watetemekaji, asingeshangaa sana.

Siku ile ya Mei pale Nkamba ina kisa ambacho sina budi kukieleza, maana watetezi wengine wa Kimbangu wanakirukaruka. Morel alipofika na kutaka kuongea naye, Kimbangu na watu wake hawakuacha ibada. Waliendelea kuimba, na katika kusoma Maandiko wakasoma habari ya Daudi na Goliathi. Mtawala wa wilaya amekaa pale na askari wake, na mwinjilisti asiye na hata fimbo ya kufukuzia mbwa anawasomea watu habari za kijana aliyeliangusha jitu kwa kombeo. Nani asiyejua Goliathi wa siku ile alikuwa nani? Morel alijua, na umati ulijua vizuri zaidi.

Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba mahubiri ya Kimbangu hayakuwa na makali. Biblia ikisomwa kwa lugha ya watu waliolemewa na kodi ya kichwa na kazi za kulazimishwa, ina makali yake yenyewe, msomaji hana haja ya kuongeza pilipili. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kumsomea mtawala Samweli wa Kwanza sura ya 17 na kuandaa vita. Nkamba hakuuawa mzungu yeyote. Morel mwenyewe aliondoka na uhai wake na daftari lake, akaenda kuandika.

Yanayomchanganya mtu hapa ni jambo moja ambalo halielezwi mara nyingi. Kimbangu hakuwa peke yake. Baada ya Aprili 1921 walizuka manabii wengine kila upande wa nchi ya Wabakongo, walioitwa bangunza. Baadhi yao aliwatambua, wengi walijitokeza wenyewe, na wengine hakupata hata kuwaona. Miongoni mwa hao wapo waliowaambia watu wasilipe kodi, wasipande mashamba, kwa sababu wazungu wataondoka karibuni. Maneno ya hawa yalibebwa mpaka ofisi za serikali na kuandikwa katika jalada moja lenye jina moja: Kimbangu. Ni kama ilivyo sokoni, mwizi anapiga kelele "mwizi!" na anayekamatwa ni aliyevaa shati lenye rangi inayofanana.

Tarehe 6 Juni Morel alirudi, safari hii na askari, kumkamata. Katika ghasia iliyotokea Kimbangu aliponyoka, na askari wakapora kijiji. Kwa miezi mitatu alihubiri kwa siri, akihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, na katika maelfu waliomjua hakupatikana wa kumuuza. Mwezi Septemba akatoka mafichoni kwa hiari yake, akarudi Nkamba kwake, akakamatwa mchana kweupe. Hakuna aliyeinua jembe kumpigania. Mtu anayetaka uasi, na ambaye nchi nzima inamficha, hafanyi hivyo.

Alipelekwa Thysville, mji unaoitwa Mbanza-Ngungu siku hizi, mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na Kamanda De Rossi. Habari za kesi hiyo tunazipata kwa urefu katika kitabu kilichotolewa mwaka 1959 na mwanasheria wa Kibelgiji, Jules Chomé, ambaye alizipitia karatasi zake akaona haya kwa niaba ya taaluma yake. Kimbangu hakuwa na wakili. Alipoulizwa kama aliandaa uasi dhidi ya serikali, alijibu kwamba hakuanzisha uasi wowote, kazi yake ilikuwa kuhubiri Injili ya Yesu Kristo. Katikati ya mashtaka alianza kutetemeka kama kawaida yake. Akaitwa daktari, na dawa aliyoandika ni maji ya baridi na viboko 12.

Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikasomwa: viboko 120, kisha kifo. Kosa lilikuwa kuvunja usalama wa nchi na kuwachukia wazungu. Miongoni mwa walioomba asiuawe walikuwemo wamisionari Wabaptisti, ambao baadhi yao hawakuamini kabisa miujiza yake lakini walijua mafundisho yake yalikotoka, kwa kuwa yalitoka kwao. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Usisahau pia siasa za dini za wakati ule. Tangu mkataba wa mwaka 1906 na Vatikani, misioni za Kikatoliki ndizo zilizokuwa za nyumbani katika koloni la Wabelgiji, na Waprotestanti, wengi wao Waingereza, Wamarekani na Waswidi, walitazamwa kama wageni wambeya. Wao ndio waliokuwa wamewatangazia walimwengu mikono iliyokatwa enzi za mpira wa Mfalme Leopold. Mwinjilisti wa Kibaptisti anayewavuta hata wanafunzi wa dini wa Kikatoliki alikuwa na bahati mbaya mara mbili.

Gereza alilopelekwa lilikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilometa zaidi ya 1,500 kutoka Nkamba, katika mji wa shaba ambako lugha ya migodini na mitaani ilikuwa Kiswahili. Huko ndiko aliko msogelea msikilizaji wangu: nabii wa Wabakongo alizeeka katika mji unaosema lugha hii ninayokuandikia. Alikaa gerezani miaka 30, na sehemu kubwa ya muda huo peke yake, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Nelson Mandela, ambaye sote tunazijua hesabu zake, alikaa 27. Na kazi ya kuhubiri ya Kimbangu, ukiihesabu tangu siku ya Nkiantondo mpaka siku ya pingu, haikufika miezi sita.

Hesabu hizo mbili, miezi isiyofika sita na miaka 30, ndiyo siri ya kusingiziwa kwake. Mwalimu akifundisha kwa miaka 30 na kunyamaza kwa miezi sita, wanafunzi wake wanajua la kusema. Akifundisha miezi sita na kunyamazishwa miaka 30, kila mtu anajaza pengo kwa alichonacho. Serikali ilijaza kwa hofu yake. Wafuasi, waliofukuzwa makwao na kutawanywa na serikali katika pembe za koloni, walijaza kwa mateso yao na matumaini yao. Na kila mahali walipohamishiwa wakawa na mbegu ya kupanda. Marie Mwilu alibaki Nkamba akiwashikilia wachache kwa siri. Alifariki Aprili 1959, na tarehe 24 Desemba mwaka huo huo kanisa la mumewe likatambuliwa kisheria. Miezi minane tu!

Yule ndugu wa tatu, anayemtaka Kimbangu awe mpigania uhuru, hayuko peke yake. Mwezi Julai 2011 mahakama kuu ya kijeshi ya Kinshasa iliifuta ile hukumu ya 1921, jambo la haki ingawa lilichelewa miaka 90. Mwaka 2023 serikali ya Kongo ikaifanya tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa, siku ya mapambano ya Simon Kimbangu na ya mwamko wa Kiafrika. Sina ugomvi na sikukuu. Lakini tazama walichokichagua: 6 Aprili ni siku ya mgonjwa kuwekewa mikono kwa jina la Yesu, na katika tangazo la sikukuu imegeuka siku ya mapambano. Kwamba Kimbangu aliwapa watu weusi moyo wa kusimama wima, nakubali bila kusita. Mtu aliyeona Injili ikitoka katika kinywa cheusi bila ruhusa ya mzungu hakurudi kuwa yule yule. Ila kusema dini ilikuwa geresha ni kumwita mwongo mtu aliyekaa kifungoni miaka 30 kwa neno lake. Na ni kukubaliana na De Rossi! Mahakama ya 1921 nayo ilisema dini ni pazia na nyuma yake kuna siasa. Mtetezi na hakimu wameshikana mikono, kila mmoja kwa sababu zake.

Sasa nije kwa yule wa kwanza, aliyesema Kimbangu alijiita Mungu. Hili ndilo zito, kwa sababu halikuzuka hewani.

Kanisa lililotambuliwa mwaka 1959 liliongozwa na mtoto wa mwisho wa Kimbangu, Joseph Diangienda. Chini yake lilikua, likajenga shule na hospitali, na mwezi Agosti 1969, katika kikao cha Canterbury, likapokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kuingia katika baraza hilo si kununua kadi ya klabu ya mpira. Msingi wake ni kumkiri Yesu Kristo kuwa Mungu na Mwokozi, pamoja na Baba na Roho Mtakatifu. Mwanateolojia wa Kiswisi, Marie-Louise Martin, alikwenda kulichunguza kanisa hilo, akaandika kitabu cha kulitetea, na hatimaye akabaki kufundisha wachungaji wake. Tarehe 6 Aprili 1971 walishiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na badala ya mkate wa ngano na divai walitumia mkate wa vyakula vya nchi yao na asali iliyochanganywa na maji. Wako waliocheka. Mimi sioni cha kuchekwa, maana ngano haioti Nkamba.

Lakini pembeni ya mafundisho hayo rasmi lilikuwepo jingine lililokuwa likikua. Waumini walisoma Injili ya Yohana sura ya 14, pale Yesu anapowaahidi wanafunzi msaidizi mwingine, wakaona ahadi hiyo imetimia Nkamba mwaka 1921. Kutoka kusema kwamba Roho alimshukia Kimbangu mpaka kusema kwamba Kimbangu ndiye Roho ni hatua moja, na wengi waliivuka. Diangienda alifariki Julai 1992, kaka yake Salomon Dialungana akashika uongozi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kanisa likahamisha sikukuu ya Krismasi kutoka 25 Desemba hadi 25 Mei, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Dialungana mwenyewe. Makanisa mengine ya Kongo yakaanza kuguna, kisha yakasema waziwazi kwamba huu si Ukristo tena. Mwaka 2021 uanachama wao katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni ukafikia mwisho.

Msikilizaji wangu, ikiwa unalalamikia hayo, una haki ya kulalamika, na ungekuwa na wenzako wengi. Mimi mwenyewe nikisoma habari ya Krismasi ya Mei nakuna kichwa. Lakini angalia tarehe. Kimbangu alifungwa mwaka 1921 na kufa mwaka 1951. Alipokuwa huru, tarehe 25 Mei ilikuwa siku ya kuzaliwa mtoto wake wa kati, aliyekuwa na miaka mitano. Kumtoza yeye deni la mwaka 1999 ni sawa na kumfunga babu kwa shamba alilouza mjukuu.

Waumini wao wana jibu, na haki ni kulitaja. Wanasema ufunuo hauji wote siku moja, kwamba mitume wenyewe hawakumtambua Yesu mpaka baadaye, na kwamba Kimbangu kunyamaza juu ya nafsi yake hakuthibitishi kitu. Hoja hiyo ni ya imani na siwezi kuipima kwa mizani ya gazeti. Ninachoweza kupima ni ushahidi wa waliokuwepo, na huo unatuonesha mtu aliyeponya kwa jina la mwingine, aliyewasomea watu kitabu kilichotungwa na wengine, na ambaye mahakamani, alipokuwa anaelekea kuuawa na hakuwa na cha kupoteza, alijieleza kuwa mhubiri wa Injili ya Yesu Kristo. Ikiwa alikuwa na cheo kikubwa kuliko hicho, ile ndiyo ilikuwa siku ya kukitaja. Mashtaka yalikuwa mezani na karani alikuwa tayari na kalamu.

Mwezi Aprili 1960, kabla hata bendera ya Ubelgiji haijateremshwa, mwili wake uliondolewa Elisabethville ukarudishwa Nkamba, ambako wafuasi wake wamepaita Yerusalemu Mpya. Kaburi liko huko hadi leo, na mahujaji humiminika kwa maelfu. Desturi ni kwamba anayeingia Nkamba anavua viatu mlangoni, awe waziri au muuza karanga, na anatembea peku mpaka atakapotoka. Kuna wahubiri wa huku kwetu waliosema kwamba hata hilo ni kuabudu mtu. Mimi nikijaliwa kufika nitavua vyangu bila kubishana na mtu, kama ninavyovua nikiingia nyumba ya mzee yeyote, na nitaomba nioneshwe mahali Morel alipokaa siku ile wakati watu wakisomewa habari za Daudi.